Jina Lililovuka Bonde

Nakijwa alifika ukingoni mwa bonde akicheka, begi zito mgongoni, jasho limemlowesha mpaka soksi. Tangu juzi alikuwa akikata milima na kijana aitwaye Mbazi kwa jua hili la mwisho wa kiangazi, na habari aliyomletea mama ilikuwa bado inamwasha ulimi.

Ng'ambo, mama yake alisimama na mzigo wa majani kichwani.

"Nakijwa, umekuja na nani?"

Huko watu huongea kwa kuitana bonde zima, na kila mkata majani husikia. Ukishalisema neno pale, hulirudishi.

"Sema mgeni tu," Mbazi alinong'ona. "Tukifika nitaongea naye taratibu."

"Ongea taratibu, mwenzangu, na mimi kesho waniozeshe kwa yule mwenye mashine ya kusaga."

Mbazi akafungua chupa yake. Lilibaki funda moja la maji, alilokuwa amejiwekea kwa kiu yake. Akampa.

"Haya, lainisha koo. Wasikie mpaka wa mashineni."

Nakijwa alilimeza lote, akakusanya viganja mdomoni.

"Mama, huyu ni Mbazi. Ndiye nitakayeolewa naye."

Miundu ikanyamaza mteremko mzima. Jina la Mbazi lilivuka, likarudi, likavuka tena. Mama akiutua mzigo, amewapokea. Akiuweka sawa, anaondoka zake.

Nakijwa hakushusha viganja. Kule ng'ambo, mama aliinua mikono yote miwili, akayashika majani.