Mgongo wa Sellah

Sellah alishuka kituoni Navakholo ameinama kama anayetafuta sindano vumbini. Siku kumi kabla aliondoka na tumbo kubwa. Sasa lilikuwa bapa, limefungwa kitambaa, na mkono wake mmoja umeshika kiuno.

Hiyo ilitosha. Mumewe, mwanajeshi, alikuwa Yugoslavia akilinda amani tangu mwaka uliopita.

Ukweli ulikuwa wa aibu ndogo tu, kwa hiyo aliuficha. Baada ya kuzaa watoto watano ngozi ya tumbo ilimning'inia kama gunia tupu. Daktari wa Nairobi aliikata, akashona iliyobaki ikakaza. Alimwonya asijinyooshe mpaka kidonda kipone. Huko kuinama mchana na usiku ndiko kulikomvunja mgongo.

Aliyemwuguza ni Maurine, dada ya mumewe, aliyerudi kwao baada ya kufiwa. Ndiye aliyebaki peke yake bomani Sellah akiwa Nairobi na watoto wakiwa bwenini. Alimkanda mgongo kwa maji moto, akamfunga tumbo vizuri kuliko nesi. Hata jua likiwaka, yeye alivaa koti la marehemu mumewe. Wakati mwingine naye alishika kiuno.

"Wewe umekatwa, wifi," alitania. "Mimi mgongo wangu ni wa kuchota maji yako."

Siku ya nne liguru, mzee wa mtaa, alifika na watu. Mmoja alibeba tairi.

"Mama Were, mtoto yuko wapi?"

Sellah aliwaeleza yote. Akamtazama Maurine, aliyejua kila kitu. Maurine akatazama chini. Sellah akawaonyesha wanawake kovu, kutoka nyonga hadi nyonga. Wakasema hapo ndipo mtoto alipotolewa.

"Nani hukatwa tumbo na si mgonjwa?" mmoja akauliza.

Sellah akachoka. "Chimbeni," alisema. "Boma lote. Mkikosa kitu, mtaniomba msamaha mbele ya kanisa."

Maurine aliwasihi wamwache mgonjwa alale. Hawakumsikiliza. Walichimba nyuma ya choo, hakuna kitu. Walichimba kando ya zizi, hakuna kitu. Liguru alikuwa tayari anajikuna kichwa akitafuta maneno ya kuomba radhi. Kisha mmoja akaingia kwenye migomba, mahali udongo ulipokuwa laini.

Jembe likainua pembe ya leso. Ndani ya leso kulikuwa na kikono cha kichanga.

Wanawake walishika midomo. Mwenye tairi akasogea. Kwa mara ya kwanza tangu Nairobi, Sellah alinyooka wima, nyuzi zikamvuta, wala hakusikia maumivu.

Nyuma ya watu, mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake akaanza kulilia titi.

Maurine akafunga koti haraka, lakini liguru alikuwa ameshaona mabaka mawili ya maziwa yakienea kifuani mwake.