Ngano ya Bi Rukiya

Zama hizo kila jiko lilikuwa na sikio la Bunge ukutani, na neno lolote lililogusa jambo linalochunguzwa lilihesabiwa ushahidi wa kiapo. Bi Rukiya alishalizoea, kama mtu anavyomzoea jirani mmbea. Jioni ile alimwita mjukuu wake, Saumu, akamwambia, "Njoo nikupe ngano niliyoachiwa na marehemu mama."

Sikio likawaka taa.

"Kamati ya Uchunguzi wa Sekta ya Ngano inakusikia, shahidi. Umeiweka wapi?"

"Kichwani, mheshimiwa. Ni ngano ya kusimuliwa, si ya kusaga."

"Shahidi ajibu swali. Ni ya lini?"

"Ya tangu bibi yake bibi yangu," akajibu. "Ni hadithi ya paka aliyeposa binti wa kadhi. Mnataka niseme kwa lugha gani?"

Sikio likasema, "Kamati imeridhika kwamba ngano hiyo ni ya zamani mno, imeoza, na haifai kupewa watoto."

Bi Rukiya akatwaa kawa la kufunikia chakula, akalibandika juu ya lile sikio kwa kishindo. Akaketi mkekani, akamvuta Saumu kifuani.

"Waache na wazimu wao, mjukuu wangu. Haya. Paukwa."

Saumu hakuitikia pakawa. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kama afanyavyo akiletewa maziwa yaliyochacha.