Picha ya Mayu Ng'washi

"Siyo nje, dada," Luhaga alisema. "Nje jua linamkunja mama uso. Ipige ndani, macho yaonekane vizuri."

Nancy alishusha kamera. Alikuwa karani wa benki kutoka Dar es Salaam, yuko mapumzikoni kwa siku sita juu ya kilima hiki. Tangu watu binafsi waruhusiwe kufanya biashara, mnunuzi mmoja wa pamba alikuwa amejenga huku nyumba za msonge ili watu wa mjini waje kuona mambo ya asili. Nancy aliyaona yote. Alicheza ngoma ya majembe mpaka viganja vikatoka malengelenge. Alikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga. Na kila siku alikaa na mama yake Luhaga, Ng'washi, aliyewaonyesha wageni kusaga ulezi kwa jiwe.

"Mwangaluka, mayu," Nancy alimsalimu mama huyo kwa Kisukuma, akiinama kuingia.

Kikongwe akacheka. "Hiyo ya asubuhi, mwanangu. Jua limeshageuka, wewe ndiyo unaniamsha?"

Wageni hawakujua kwamba kikongwe yule hakupanda kilimani kwa ajili ya ulezi.

Kule kijijini watoto wawili wa jirani walikufa ndani ya mwezi mmoja. Watu wakamtazama Ng'washi. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mama yeyote aliyepikia samadi miaka arobaini kwa kukosa kuni. Kwao hilo lilitosha kumwita mchawi. Asubuhi moja ikaokotwa barua mlangoni: ahame au azikwe. Luhaga akamleta huku, penye mlinzi. Huku walipikia mkaa, tena nje. Miezi mitatu Ng'washi alinawa maji ya uvuguvugu kila asubuhi na kusali rozari kila jioni, na macho yakatakata, yakawa meupe kama ya mtoto.

Lakini mvua zilikaribia. Baada ya wiki mbili kambi ya wageni ingefungwa, mlinzi aende kwao, na Ng'washi hakuwa na pa kwenda ila nyumbani kwake.

Luhaga alikwenda kwenye mkutano wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Macho ya mama yangu ni safi," aliwaambia. "Pandeni mkamwone."

"Nani apande akatazamane naye?" mtu mmoja akajibu. "Wewe una utani."

"Basi nimlete hapa."

"Atafika?" aliuliza mzee Salu, mkubwa wa sungusungu, na wengine wakacheka chini chini. Kisha akafikiri. "Lete picha. Mtoto anaweza kumsemea mama yake, picha haimsemei mtu. Ije kwenye bahasha iliyofungwa, tuifungue wenyewe. Macho yakiwa safi, atalala kwake na hakuna wa kumgusa. Yakiwa yale yale, usituombe tena."

Ndiyo maana leo Luhaga alimng'ang'ania Nancy. Hakumwambia sababu. Aliona aibu, mgeni amefurahi namna ile.

Ndani ya msonge hakukuwa na dirisha. Ng'washi alikaa kwenye kigoda, amejifunga kitenge kipya.

"Fungua macho, mayu. Tazama hapa hapa."

"Nimefungua, mwanangu. Nisipofungua leo, nitafungua lini?"

Taa ya kamera ikamulika kama radi, moja kwa moja machoni mwake. Ng'washi hakupepesa.

"Hiyo imetoka," Nancy alisema. "Nitaisafisha Mwanza nikipita. Alhamisi mtaipata."

Alhamisi kondakta wa basi alimkabidhi Luhaga bahasha pale stendi ya Bariadi. Hakuifungua. Aliitia ndani ya kitabu cha sala, akakibana kwapani njia nzima. Akapanda kilimani kumwambia mama yake, "Jumapili utalala kwako." Ng'washi akaanza kukunja nguo zake pale pale.

Jumamosi walikusanyika wote. Mzee Salu aliichunguza gundi, akaridhika, akachana. Ilitangulia karatasi. Akampa kijana mmoja aisome kwa sauti.

"Mayu, hujambo? Mimi nimefika Mwanza salama. Picha imetoka nzuri mno, nyingine nimebaki nayo, nitaiweka kwenye fremu ukutani kwangu. Mwakani nakuja tena unifundishe kusaga."

Watu wakaguna kwa wema. Hata baba wa wale watoto waliokufa aliinamisha kichwa. Luhaga akamshukuru Mungu moyoni.

Mzee Salu akaitoa picha. Aliitazama kwa muda mrefu. Akampa aliyekaa kando yake, naye akampa mwingine, ikazunguka hivyo mpaka ikamfikia Luhaga.

Mama yake alikuwa anatabasamu. Kitenge kilionekana na maua yake yote. Macho alikuwa ameyafungua wazi kama alivyoambiwa, na katikati ya kila jicho palikuwa pekundu, panawaka kama kaa lililopulizwa.