Hodi ya Mwalimu Nyamizi

"Hodi!"

Ilikuwa siku ya nne kwa Mwalimu Nyamizi kubisha hodi kwenye chumba cha wasichana mahabusu, aliokuja kuwafundisha. Siku tatu za mwanzo hakuna aliyemwitikia, naye alisimama juani na boksi lake la chaki mpaka kipindi kikaisha, akaenda zake.

"Ingia tu, Mwalimu," askari alisema, funguo mkononi. "Hapa hakuna mwenyeji."

"Siingii kwa watu bila kukaribishwa."

Msichana mmoja, Sikudhani, aliyasikia hayo akiwa amekaa sakafuni. Tangu aletwe hapa, mlango ule ulikuwa ukifunguliwa kwa teke. Alinyanyuka, akalifuta benchi kwa upindo wa gauni lake.

"Karibu, Mwalimu."

"Ahsante, mwanangu."

Mwalimu akavua viatu, akaingia. Sikudhani alitaka kushukuru. Akainama, akavivuta vile viatu kivulini visiungue jua.

Askari alikuwa ameshainua mguu aingie. Akaviona viatu, akaushusha mguu wake nje ya kizingiti.

"Hodi," alisema kwa sauti ya chini, na wasichana wote wakamgeukia Sikudhani.