Kishindo Alala Uwanjani

Chuo kikuu kimoja kilikuwa na mbwa wake wa aina ya buldogi, jina lake Kishindo, na kila siku ya mechi alivishwa fulana nyekundu akaketishwa pembeni mwa uwanja ili awatishe wageni. Pua yake bapa haikumpa pumzi ya kutosha, basi jua likiwaka alihema kwa sauti, nao wanafunzi wakashangilia, "Msikieni anavyonguruma!" Huo ulikuwa mwaka wake wa tisa kazini, na magoti yalikuwa hayamtii tena.

"Mzee, siku ya fainali wewe lala tu," Paka wa jikoni akamshauri. "Nani atamtaka mlinzi anayekoroma? Watakustaafisha upumzike."

Fainali ilipofika, Kishindo alijikokota hadi katikati ya uwanja, akajibwaga chini, akafumba macho, akakoroma. Uwanja mzima ukanyamaza, naye akajiambia kwamba yamekwisha.

Mara jukwaa likalipuka kwa vifijo. "Anawadharau wageni! Hawamtishi hata kidogo!" Nahodha akaja mbio na fulana ya pili, nzito kuliko ya kwanza, akamvika juu ya ile aliyovaa, akatangaza kwamba Kishindo atakitumikia chuo mpaka siku ya kufa kwake.

Kutoka upande wa wageni akaja Beberu, mbuzi dume wa chuo chao, kofia tatu zimepandana kichwani. Watu wakatulia wakingoja vita, naye akainama akamnong'oneza Kishindo.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Mimi nimeshalala mara mbili."