Goti la Bernadina

"Wakati wa palizi anaanguka, wakati wa harusi anasimama," mama mkwe alimwambia daktari. "Huo ni uvivu. Usipoona ugonjwa, mwanangu anamrudisha kwao leo hii."

Bernadina alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, vumbi jekundu la mashamba ya Rhotia bado limemganda vidoleni. Akakaza kanga yake. "Pima, Daktari. Sikuja kuomba huruma."

Daktari akamgonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaning'inia tu, kama nguo kwenye kamba.

"Anajikaza huyo!"

"Hebu kaa hapa na wewe, mama."

Akamgonga. Mguu wa mama mkwe ukaruka, katambuga yake ya tairi ikatua mlangoni.

"Si mimi!" akapiga kelele.

"Najua. Mguu mzima huruka hata ukiukataza. Huyu kinga ya mwili wake imegeuka, inashambulia mishipa yake mwenyewe ya fahamu. Ugonjwa huu huja na kuondoka, kisha hurudi tena."

Mama mkwe akaenda kuokota katambuga yake.

Bernadina akanyoosha mkono. "Daktari, niazime hicho kinyundo. Mume wangu yuko hapo nje, naye nimpime goti."