Sonara Asiyepatikana

Mkewe aliiviringisha saa katika leso, akaitumbukiza mkobani kati ya miwani na chupa ya maji. Mzee akataka kupiga kelele. Kilichotoka ni "mmm", na mate kidogo.

"Najua, mume wangu," mkewe alisema akimpangusa kidevu. "Hata mimi nina hamu kama wewe."

Tangu kiharusi kimwangushe, mzee alibakiwa na macho na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Mengine yote alifanyiwa na mkewe: kugeuzwa, kulishwa, kuogeshwa, hata kuelezwa anachofikiri.

Kabatini zilining'inia saa zake za mfukoni, za kale, kila moja na mnyororo wake. Mzee hakujali zilitengenezwa kiwanda gani. Alichopenda ni lile jina lililoandikwa usoni, la sonara aliyeziagiza na kuziuza dukani kwake kana kwamba kaziunda mwenyewe. Jina likishamkaa kichwani, alifunga safari kulitafuta duka hilo, au wajukuu wa mwenye duka, au walau kaburi. Masonara wote aliwapata kwa safari moja, zikizidi sana mbili. Ni sonara mmoja tu aliyemtoa jasho, yule wa saa hii iliyotiwa mkobani. Kila mwisho wa mwezi mzee alitia saa ile mfukoni akapanda basi kwenda mji wa pili, na kila mara alirudi mikono mitupu, miaka nenda miaka rudi.

"Huyo sonara wako ana miguu," mkewe alikuwa akimtania. "Ukifika tu, kahama."

Hawakujaaliwa mtoto. Mkewe akazipangusa saa vumbi na kuwaambia majirani kwa kicheko kwamba wanawe ni wa chuma, hawali wala hawaugui.

Sasa saa ya yule sonara ilikuwa imesimama. Mkewe akaipeleka kwa fundi wa mtaani. Fundi akaitia ufunguo, ikatembea, lakini kusogeza mishale kukamshinda. Alizungusha kile kitufe cha juu mpaka akasalimu amri. Ni mzee peke yake aliyejua namna yake, na mzee hakuwa na ulimi. Saa ikabaki inatembea na kudanganya.

Hapo ndipo mke alipoamua kuimalizia kazi ya mumewe. Angempata sonara, au damu yake, kabla mzee hajafumba macho.

Mzee aliutazama mlango ukifungwa. Saa ile haikuwahi kutoka bila yeye. Mabasi yana wezi, mkoba hauna zipu, na mkewe ni mtu wa kumwonyesha kila mtu kila kitu. Aliukwaruza mto kwa vidole vyake viwili hadi ukaanguka. Jirani aliyeachwa kumwangalia akauokota, akamsifu kwamba leo ana nguvu.

Jioni mkewe alirudi uso umemng'aa. Hakuwa peke yake.

"Nimempata," alisema, akivua viatu vilivyombana. "Wewe ulikuwa unatafutia wapi, mume wangu? Mimi nashuka stendi, duka la pili tu, natoa saa, binti huyu anaishika na kulia. Hata jina hajalisoma. Nikasema, damu hiyo. Nikamwambia mwenye saa anaumwa, namuuguza mimi. Akafunga duka akanifuata."

Binti alisimama mlangoni. Mzee alifumba macho, akayafumbua, na binti bado yupo. Machozi yakamtoka. Mkewe alipoyaona naye akalia kwa furaha, akashukuru kwamba hatimaye roho ya mumewe itatulia.

"Ishike, mwanangu," akamwambia mgeni. "Ni jasho la babu yako."

Binti akaipokea. Kwa wepesi, kama mtu anayefunga kifungo cha shati, alizungusha kioo kikafunguka kama kifuniko cha chupa, akavuta kwa ukucha kipini chembamba kilichojificha ukingoni mwa uso wa saa, akaisogeza mishale mahali pake, akakirudisha kipini ndani.

Mke alicheka kwa mshangao. "Fundi mzima kashindwa. Babu yako ndiye aliyekufundisha?"

"Babu simjui," binti alisema. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akavishika vile vidole viwili. "Ni baba. Kila mwisho wa mwezi akija nyumbani, saa naiweka mimi. Mama, ameanza kuumwa lini? Mbona sisi nyumbani hatukuambiwa?"